Swali la joto: nilivyoufikisha utafiti wangu wa meno IADR

Kauli niliyoizoea kazini kuliko zote ni hii: "Dokta, dawa imetoka." Mtoto anafungua mdomo, na gego nililoliziba miezi michache nyuma lina shimo lilelile, safari hii pana zaidi. Mama yake hanilaumu. Anauliza tu kama sasa ling'olewe. Swali hilo liliniuma kuliko lawama, maana sikuwa na jibu.

Mimi ni daktari wa meno hapa Dar es Salaam, na siku fulani za mwezi natoka na timu kwenda shule za msingi za Temeke na Mbagala. Huko hakuna kiti cha meno wala mashine ya kuchimba. Tunatumia tiba inayoitwa ART: unaondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, unakausha kwa pamba, unachanganya unga na majimaji ya glasi ionoma, unajaza kwenye tundu na kubonyeza kwa kidole kilichopakwa mafuta ya mgando. Mtoto analala juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, kichwa kikielekea dirishani, anatibiwa na kurudi darasani.

Tiba hii imezaliwa hapahapa. Katikati ya miaka ya 1980, ndani ya mpango wa afya ya kinywa kwa jamii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo ilipoanza kutumika, kwa sababu vijijini hapakuwa na umeme na jino linalouma lilikuwa na njia moja tu, kung'olewa. Leo inatumika dunia nzima. Nilipofundishwa hilo chuoni nilijivuna, nami najivuna mpaka leo, lakini fahari haikunisaidia kuelewa kwa nini dawa zangu zinatoka.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu wa zamani, profesa mstaafu anayeishi Upanga.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na malalamiko au umekuja na swali?"

Nilikuwa na malalamiko. Nilizungumza karibu nusu saa: uhaba wa vifaa, watoto na pipi, wazazi wanaochelewa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema niandike swali moja lenye kujibika, na jibu nikaliwasilishe mbele ya watu wasionijua. "Sisi tuliokufundisha tutakuonea huruma," alisema. "Wao watakuuliza."

Watu hao aliowasema ni Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Meno, ambacho wengi wetu tunakiita IADR. Kiliasisiwa New York mwaka 1920 na William Gies, mtaalamu wa baiokemia ambaye wala hakuwa daktari wa meno. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha jarida la Journal of Dental Research, linalotoka mpaka leo. Gies aliamini kwamba matibabu ya meno hayawezi kubaki ufundi wa mikono unaorithishwa, bali lazima yasimame juu ya ushahidi. Karne moja imepita na chama kina matawi kila bara, likiwamo la Afrika Mashariki na Kusini. Kina pia vikundi vya fani: wanaochunguza kuoza kwa meno, wanaochunguza vifaa na dawa za kuzibia, wanaochunguza tabia za watu. Ada ya uanachama hutofautiana kulingana na kipato cha nchi. Hilo lilinipa moyo, maana mshahara ninaujua mwenyewe.

Swali nililolifikia likawa hili: kati ya magego tuliyoziba shuleni, ni yapi yanapoteza dawa mapema, na yana nini cha kufanana? Tulijua tayari kutoka tafiti za wengine kwamba ART ya upande mmoja wa jino hudumu kuliko ya pande mbili. Nilitaka kujua za kwetu.

Vibali vilichukua miezi: kamati ya maadili, ofisi ya elimu ya manispaa, walimu wakuu, kisha fomu za ridhaa kwa wazazi. Sina zaidi la kusema kuhusu sehemu hiyo isipokuwa kwamba anayeianza aanze mapema.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye kupima. Tulikuwa wakaguzi wawili, mimi na mwenzangu. Tukachukua watoto 20, tukawakagua kila mmoja kivyake, kesho yake tukawarudia. Tulipolinganisha karatasi nilishtuka. Jino ambalo mimi niliandika "dawa ipo", mwenzangu aliandika "imetoka". Wala si kwamba mmoja wetu alikosea kuona. Dawa ilikuwepo, ila pembeni ilikuwa imelika, na kila mtu alikuwa na kipimo chake kichwani cha kulika kiasi gani ndiyo kuharibika. Suluhisho ni sondi, kifaa chembamba cha kupimia chenye kijipira nchani, cha kipenyo cha nusu milimita. Unaipitisha pembeni mwa dawa. Kijipira kikizama, pengo limezidi. Kisipozama, liache. Tulirudia zoezi mpaka karatasi zetu zikakubaliana, na takwimu ya kapa, inayopima wakaguzi wanakubaliana kiasi gani, ikathibitisha. Siku zile ndipo nilipoelewa faida ya chama kama hiki. Nusu milimita ya Mbagala ni nusu milimita ya São Paulo, kwa hiyo mtu wa kule anaweza kuliamini neno langu bila kunijua.

Ikisari ya IADR, yaani muhtasari wa utafiti unaoombea nafasi ya kuwasilisha, haizidi maneno 300. Yangu ya kwanza ilikuwa na maneno zaidi ya mia sita. Profesa aliikata kwa kalamu nyekundu, na palipoandikwa "dawa nyingi zilitoka" akaandika pembeni: "Nyingi si namba." Niliiandika upya mara tano.

Mkutano wa tawi letu mwaka ule ulikuwa nchi jirani. Nilipanda basi alfajiri pale stendi ya Mbezi, bango langu nimelikunja ndani ya bomba la plastiki la fundi, nikalishika mapajani safari nzima kwa kuogopa lisije likapondwa kwenye buti.

Kwenye ukumbi walipita watu wengi, wakasoma, wakanipongeza. Kisha akaja mama mmoja mtu mzima, mtaalamu wa vifaa vya kuzibia kutoka kusini mwa Afrika. Alisoma bango lote taratibu, akarudi kwenye sehemu ya njia za utafiti, akaniuliza: "Chumba mlichozibia kilikuwa na joto kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Hatukupima.

"Dar es Salaam," akasema. "Mwezi wa pili?"

Mwezi wa pili, naam. Akanieleza kwa upole, na kila alichosema nilikuwa nimekisoma kitabuni nikakisahau. Muda wa kufanyia kazi unaoandikwa kwenye pakiti hupimwa kwenye nyuzi joto 23. Joto likizidi, unga na majimaji huanza kugandana upesi. Ukichelewa kidogo, mng'ao wa mchanganyiko unapotea, na ulipopotea mng'ao, dawa haishiki tena jino vizuri, hata uibonyeze namna gani. Mtoto anaondoka na gego linaloonekana zima.

Nilisimama pale nikiwaza shule ile ya bati bila dari, msaidizi wangu akichanganya dawa kwenye kibao cha kioo kilichoshinda juu ya meza tangu asubuhi, nami nikimwambia asubiri kidogo mtoto amalize kutema mate.

Sijui kama mtu wa Dar angeniuliza swali lile. Sote tunaishi ndani ya joto hili, hatulioni. Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wanaosema mikutano ya kimataifa ni ya kupiga picha. Ni kweli ni ghali, na mikutano mikuu mara nyingi iko mbali, ingawa mwaka 2014 ulifanyika Cape Town. Lakini ART yenyewe ilipita njia hiyohiyo: ilianzia kwetu, Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikajadiliwa kwenye kongamano la IADR kule Singapore, watu wakaihoji na kuipima nchi moja baada ya nyingine. Mwaka 2021 glasi ionoma ikaingia kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Bila maswali ya miaka yote ile ingebaki kuwa ujanja wa watu wa Tanzania wasio na umeme. Na ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2022 inasema karibu watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, watatu kati ya kila wanne wakiwa nchi za kipato cha kati, kundi ambalo nchi yetu imo.

Niliporudi nilinunua kipimajoto Kariakoo. Fomu yetu sasa ina safu mbili mpya, joto la chumba na sekunde tangu kuanza kuchanganya. Kibao cha kioo tunakiweka kwenye deli lenye barafu, tunakifuta kikavu kabisa kabla ya kukitumia, na hakuna kuchanganya mpaka jino liwe kavu na kidole changu kiwe tayari.

Shule ya kwanza baada ya safari ile ilikuwa Mbagala. Msichana wa darasa la nne alilala juu ya madawati, mikono ameifumbata kifuani. Msaidizi alisoma kipimajoto kwa sauti: nyuzi 33. Akaandika, akatoa kibao kwenye deli, akakifuta, akachanganya. Nilipoibonyeza, dawa ilikuwa bado inang'aa. Tutamwona tena baada ya miezi sita.