Kiriba

Mwaka 2005 ndo Tanga tumepewa hadhi ya jiji, mi nimemaliza fom foo nipo nyumbani tu, mwezi wa kumi na mbili nikapata kibarua cha kupanda miti kandokando ya barabara ya kwenda Raskazone. Nikawekwa chini ya mzee mmoja mtunza bustani, kakulia Ngamiani barabara ya kumi na ngapi sikumbuki tena, anakuja na baiskeli kama Watanga wote, nyuma kafunga madumu mawili ya maji.

Siku ya kwanza nkapanda miche kumi na nne ya mwarobaini nikajiona fundi kweli. Mzee akaja akainama, akakwangua udongo kwa vidole, akaniangalia. "Mwanangu, kiriba umetoa?" Sikutoa hata kimoja, nlikuwa nafukia na nailoni yake. Hakunigombeza, akachomoa mche mmoja akachana kiriba kwa wembe akanionesha mizizi imejizungusha humo ndani kama kamba kwenye ndoo, akasema ukiacha hivi mti unajinyonga wenyewe, utauona mbichi mwaka mzima halafu upepo mmoja tu chali. Tukavifukua vyote kumi na nne, jua la kaskazi linachoma, tukachimba upya futi mbili kwenda chini, udongo wa juu tunauweka pembeni tunauchanganya na samadi ndo unatangulia kurudi shimoni.

Na vuli ile mvua ilikuwa hamna, si mnakumbuka ukame ule mpaka 2006 nchi nzima ikaingia mgao wa umeme kwa sababu mabwawa yamekauka. Kibarua kikaisha baada ya wiki tatu na bajeti ya kumwagilia haikuwepo, kupanda kulikuwa na hela ila kumwagilia hakukuwa na hela, jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mzee akaendelea. Jioni namkuta anatoka na madumu yake, kila mche lita tatu hivi, anamimina taratibu pembeni ya shina, kazungushia miba mbuzi wasiguse. Nikamwambia shikamoo mzee, kwani wanakulipa? Akasema, "Shika dumu hilo."

Nikashika. Tulienda hivyo mpaka masika, tukimaliza tunakaa bustani ya Jamhuri tunaangalia kisiwa cha Toten na bandari, hatuongei sana. Katika ile kumi na nne ikapona tisa. Mwezi uliopita nimepita na mwanangu, watu wa bodaboda wamepaki kivulini.