Galápagos: usiikose Fernandina

Ukichagua safari ya meli Galápagos, visiwa vya Ecuador katika Pasifiki, hakikisha ratiba inafika magharibi, kwenye mlango wa bahari kati ya visiwa vya Isabela na Fernandina. Mkondo wa Cromwell hupanda hapo kutoka kilindini, maji ni ya baridi na yana chakula tele. Ndiyo maana pengwini wanaishi karibu kabisa na ikweta.

Punta Espinoza, rasi ya Fernandina mnapotua, ni bora maji yakipwa, na iguana wengi, mijusi wa baharini, nao hushuka kula mwani wakati huo. Gati huteleza. Mikono iwe mitupu, shikaneni na baharia kwenye vigasha, si vidole, na usiruke. Ndala baki nazo melini, lava inachana. Iguana wana rangi ileile ya mwamba, kwa hiyo tazama unapokanyaga kabla ya kuinua kamera. Umbali na wanyama ni mita 2, flashi marufuku, na kila kiongozi ana watu wasiozidi 16. Mnandi wasioruka wako hapa na Isabela tu, duniani kote.

Tagus Cove, ghuba ndogo ng'ambo kwenye Isabela, ngazi za mwanzo ndizo zinazochosha. Kivuli hakuna, beba lita moja ya maji. Ziwa Darwin utakaloliona juu lina chumvi kuliko bahari.

Kwa kuogelea na kasa kati ya Julai na Desemba, omba suti ya kuogelea yenye unene wa milimita 5. Ya 3 utatoka unatetemeka kabla pengwini hajapita.

Nyangumi? Kaa sitahani jioni, jua likiwa mgongoni, ufuate ndege wanaojitupa majini.