Siku niliyoipisha hofu ipite

Mwaka ule nilikuwa sikai mahali bila kwanza kujua mlango uko wapi. Shambulio la kwanza la hofu lilinikuta usiku, nikakimbizwa hospitali nikiamini moyo unasimama. Wakanipima umeme wa moyo, damu na tezi ya shingo, vyote vikawa salama. Nasema kabisa: kipimo kile ni lazima. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza si ya kujitibia nyumbani. Lakini majibu mazuri hayakuiondoa hofu. Ikawa inarudi, nami nikawa nakwepa kila mahali iliponikutia: lifti, foleni, mabasi yaliyojaa.

Kisha ikaja siku ya mkutano wa kazini. Tulifika tumechelewa, mimi na mwenzangu mmoja ambaye ni kama dada yangu, na viti vilivyobaki vilikuwa katikati ya safu. Kushoto watu, kulia watu. Msemaji wa kwanza hata hajamaliza salamu, kifua kikaanza kunibana. Moyo ukaenda mbio, kijasho chembamba kikanitoka, vidole na midomo vikafa ganzi. Wazo likaja lile lile: safari hii nakufa kweli.

Dada akaniona. Akaninong'oneza, "Mdogo wangu, tutoke?"

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya mshauri niliyekuwa nikimwendea. Alikuwa amenieleza kwamba hofu ya namna hii hujilisha yenyewe: moyo unadunda, unadhani ni kifo, unaogopa zaidi, adrenalini, ile kemikali ya mwili ya kukabili hatari, inamwagika zaidi, moyo unazidi kudunda. Maelezo hayo yalitolewa mwaka 1986 na David Clark, mwanasaikolojia wa Uingereza, na ndiyo msingi wa tiba nyingi zinazotumika leo. Mshauri aliniambia pia kwamba kila ninapokimbia, mwili unajifunza kuwa kukimbia ndiko kulikoniokoa. "Usipigane na shambulio," alisema. "Lipishe lipite. Kwa kawaida kilele chake hufika ndani ya dakika 10."

Nikamjibu dada, "Tukae."

Nilitazama saa ya ukutani. Nikashusha mabega, nikavuta pumzi kidogo kwa pua, nikaitoa taratibu kwa mdomo, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Watu wengi hufanya kinyume: wanahema kwa nguvu wakidhani hewa haitoshi. Kumbe kuhema hivyo kunapunguza hewa ukaa kwenye damu, na hiyo ndiyo inayoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Nilipojua hivyo, ganzi yangu ilipungua makali. Ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa kifo. (Ule mfuko wa karatasi ambao watu huhimizwa kupumulia, uacheni. Kama tatizo ni pumu au moyo, unaweza kudhuru.)

Pumzi peke yake haikutosha. Nikahamishia macho kwenye kiti cha mbele. Mgongo wake ulikuwa na mshono uliofumuka, uzi wa kijivu ukining'inia, na chini yake sponji ya njano ikichungulia. Niliufuata uzi ule kwa macho kutoka juu hadi chini. Nikagusa ukingo wa kiti changu, ulikuwa baridi. Nikasikiliza kalamu ya jirani ikikwaruza karatasi. Hofu ikapanda tena, juu kuliko mwanzo, na hapo nilitamani sana kusimama. Sikuiambia iondoke. Nilijisemea moyoni: dunda unavyotaka, mimi nipo hapa.

Ikashuka. Haikushuka mara moja. Ilishuka kama maji ya bahari yanavyokupwa, ikirudi kidogo na kuondoka tena. Nilipotazama saa, mkono mrefu ulikuwa umesogea kidogo tu, nami nilidhani imepita saa nzima. Nilikuwa nimelowa jasho na nimechoka kama mtu aliyelima, lakini nilikuwa nimekaa.

Nilimsimulia mshauri, naye akanipa kazi ngumu zaidi: kujiletea dalili zile kwa makusudi ili mwili uzizoee. Kuzunguka kwenye kiti mpaka kichwa kizunguke. Kupanda ngazi mbio mpaka moyo udunde. Kupumulia mrija mwembamba huku pua imebanwa. Alihakikisha kwanza kwamba sina ugonjwa wa moyo, pumu wala kifafa, na mwenye mojawapo ya hayo asianze kabla ya kumwona daktari. Kiti na ngazi nilivizoea haraka. Mrija ndio ulionisumbua, kwa sababu ulileta hisia ile ile ya kukosa hewa niliyokuwa nikiiogopa tangu mwanzo. Huo ndio ninaoendelea nao mpaka leo.