Baba na bendera ya refa
Baba yangu ni kiziwi tangu utotoni, na enzi zake alikuwa beki wa kulia. Firimbi haisikii, kwa hiyo refa alimpungia bendera, kama inavyofanyika kwenye Olimpiki ya Viziwi, mashindano yaliyoanza Paris mwaka 1924. Refa akisahau bendera, mzee anaambaa na mpira hadi golini huku wenzake wote wamesimama! Tulicheka mpaka machozi, naye pia.

Tulipokuwa wachanga alilala ametuwekea mkono kifuani, ili ahisi tukilia. Mama anasikia vizuri tu, lakini aliyeamka kwanza alikuwa baba.

Jana nimemkuta anamfundisha mjukuu wake ishara ya mpira. Mtoto ana miezi 10, hata "mama" hajasema bado.