Amri za sauti kwenye FlightGear: nilivyounganisha maiki na Cessna 172 hapa Moshi

Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye throto (kishikio cha nguvu ya injini), na njia ya kutua ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, inakaribia. Hapo ndipo kutafuta kwenye kibodi kitufe cha flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kunapoudhi. Nilitaka niseme tu "flaps ten" na flapsi zishuke. Natumia FlightGear, simuleta ya kurusha ndege, ya bure, ambayo msimbo wake (source code) uko wazi. Uzuri wake kwa kazi hii ni kwamba karibu kila kitu ndani ya ndege, kuanzia taa hadi altimita, kina jina na thamani kwenye mti mmoja wa sifa. Programu yoyote ya nje inayoweza kuandika kwenye mti huo inaweza kuendesha ndege.

Kutuma amri ndiyo sehemu rahisi, kwa hiyo ianze hiyo. Simuleta naiwasha hivi:

fgfs --aircraft=c172p --airport=HTKJ --telnet=socket,bi,60,localhost,5501,tcp

c172p ni Cessna 172P, HTKJ ni alama ya KIA, na --telnet inafungua porti 5501, mlango ambao programu ya nje hupitishia amri. Maelekezo mengi huishia kwenye --telnet=5501, na kweli inafanya kazi, ila kwa ufupi huo simuleta huchungulia porti mara 5 tu kwa sekunde. Amri yako inaweza kukaa hadi milisekunde 200 kabla haijasomwa. Ile 60 iliyo katikati ndiyo inayoondoa uzembe huo. Porti hii haina nenosiri, kwa hiyo kama uko kwenye Wi-Fi ya hosteli au ya ofisi, ifunge kwa firewall isionekane nje ya mashine yako.

Kabla hujagusa Python, fungua terminali, andika telnet localhost 5501, kisha:

set /controls/flight/flaps 0.333

Kishikio cha flapsi kitashuka hadi nyuzi 10, maana 1 ni nyuzi 30 kamili. Ikikubali hapa, kila kitakachokataa baadaye kiko upande wa maiki au wa programu yako. Ukihamia kwenye Python, kila mstari lazima uishie na \r\n. Ukituma \n peke yake, seva itaendelea kusubiri mwisho wa mstari na wewe utadhani imekufa. Amri ya kwanza kabisa iwe data, ili get ikurudishie namba tupu badala ya sentensi yenye jina la sifa na aina yake.

Majina ya sifa usiyakisie. Fungua menyu ya Debug, chagua Browse Internal Properties, sogeza kishikio kwa mausi na uangalie ni namba ipi inayobadilika. Kwenye c172p, kwa mfano, mikscha (mchanganyiko wa mafuta na hewa ya injini) iko chini ya /controls/engines/current-engine, wakati ndege nyingine huiweka kwenye engine[0]. Ukikosea herufi moja, FlightGear hailalamiki: inaunda sifa mpya yenye jina lako bovu, inaweka thamani humo, na hakuna kinachotokea kwenye ndege. Unaweza kuilaumu maiki jioni nzima kwa kosa la tahajia.

Kwa kusikia nilichagua Vosk, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Inafanya kazi bila intaneti, na modeli yake ndogo ya Kiingereza cha Marekani ina ukubwa wa MB 40 hivi, kwa hiyo bando likiisha katikati ya safari amri haziishi. Haihitaji kadi ya grafiki. Hiyo iachie simuleta. Unasakinisha vosk na sounddevice kwa pip, unafungua maiki kwa sampuli 16,000 kwa sekunde, chaneli moja, int16, na vipande vya sampuli 4,000, yaani robo sekunde kila kimoja. Mifano mingi hutumia 8,000. Hiyo ni nusu sekunde, na ukiwa kwenye fainali, yaani umenyooka na njia tayari kutua, utaisikia.

Sasa jambo lenyewe. Vosk ikiachiwa huru itajaribu kusikia Kiingereza chote, na itakuandikia mashairi. Ipe orodha:

KaldiRecognizer(model, 16000, '["flaps up", "flaps ten", "flaps twenty", "flaps full", "landing lights", "lights out", "[unk]"]')

Hiyo [unk] ya mwisho, yaani "neno lisilojulikana", si pambo. Bila hiyo, kila sauti inayoingia, kikohozi, mlango, jogoo wa jirani, inalazimishwa ifanane na amri mojawapo, na flapsi zitashuka mtu akipiga chafya. Jingine ambalo wengi hawalijui: orodha hiyo haifungi sentensi nzima. Vosk huigeuza kuwa modeli ya maneno mawili mawili, kwa hiyo inaweza kukuletea "lights ten" ambayo hukuiandika popote. Dawa ni kulinganisha matokeo na jedwali lako la amri neno kwa neno. Kisichofanana kabisa kinatupwa. Usiiruhusu programu ikisie "alimaanisha nini".

Orodha inafanya kazi kwenye modeli ndogo. Zile kubwa nyingi zimeshajengewa grafu yake na haziwezi kubadilishiwa maneno zikiwa kazini. Neno lisilo kwenye msamiati wa modeli nalo linaachwa, huku onyo lenye maneno "missing in vocabulary" likipita haraka kwenye terminali. Ndiyo maana "shusha flapsi" haitafanya kazi kwenye modeli ya Kiingereza. Sikuhangaika kuilazimisha. Redio ya KIA ni Kiingereza, na mazoezi ni yale yale.

Lafudhi yetu ndiyo inayoamua maneno gani yaingie. "On" na "off" ni silabi moja moja na huchanganywa kirahisi, kwa hiyo kuwasha taa ni "landing lights" na kuzima ni "lights out". Nyuzi 30 sikuiita "thirty" kwa sababu mwisho wake unafanana na "twenty". Ni "flaps full". Kama r na l hukutatiza, usiweke "right" na "lights" kwenye orodha moja. Na kata neno linapoisha: ukisema "flapsi" na "laiti" kama tunavyozoea, ile irabu ya ziada inatafutiwa mahali pa kukaa. Vosk wana pia modeli ndogo ya Kiingereza cha Kihindi. Zijaribu zote mbili kwa sauti yako mwenyewe, kwa sentensi zile zile, kabla hujachagua.

Maiki isiwe wazi muda wote. Nimeitengea kitufe cha joystiki: nikibonyeza inasikiliza, nikiachia naita FinalResult(), inayoidai Vosk jibu la mwisho. Faida si utulivu tu. Bila kitufe, Vosk husubiri ukimya wa nusu sekunde au zaidi ndipo iamini kwamba umemaliza. Kwa kitufe, jibu linatoka pale pale unapoachia. Hesabu robo sekunde ya kipande cha mwisho: ukiachia mapema mno, silabi ya mwisho inabaki nje, kwa hiyo programu iendelee kupokea kipande kimoja zaidi baada ya kitufe kuachiwa. Ukisoma joystiki kwa pygame, maktaba ya Python, weka SDL_JOYSTICK_ALLOW_BACKGROUND_EVENTS=1 kabla ya import. Bila hivyo pygame haioni kitufe dirisha la FlightGear linapokuwa mbele, na wakati wa kuruka ndilo lililo mbele muda wote.

Kitufe hakisaidii mvua. Masika ikipiga bati, maiki ya laptopu haisikii chochote, na hata bila mvua inasikia injini ya Cessna kutoka spika zako mwenyewe. Vaa hedifoni yenye maiki kwenye kijiti kinachofika mdomoni, na maiki ikae upana wa vidole viwili kutoka pembeni mwa mdomo, si mbele yake, maana pumzi ya p kwenye "flaps up" huvuruga mawimbi.

Baada ya kusikia kuna kuamua, na hapa ndipo nilipoandika msimbo mwingi kuliko kwingine. Kwenye 172P, nyuzi 10 za kwanza zinaruhusiwa hadi kasi ya noti (maili za baharini kwa saa) 110, na zaidi ya hapo mwisho ni noti 85. Programu inasoma /instrumentation/airspeed-indicator/indicated-speed-kt kwanza. Kasi ikizidi, haitumi amri, na espeak-ng, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, inatamka "kasi kubwa" kwa sauti yake ya Kiswahili, -v sw. Ni ya roboti kidogo, lakini inaeleweka. Amri iliyokubaliwa naiandika pia kwenye /sim/messages/copilot ili ionekane juu ya kioo.

Uelekeo unatamkwa tarakimu moja moja, "heading zero nine zero", na programu inadai tarakimu tatu kamili, kati ya 000 na 359. Zikija mbili, inakataa. Tarakimu iliyomezwa ni hatari kuliko amri isiyosikika, kwa sababu ndege inageuka kweli, tena upande usioutaka.

Mikscha nayo inapewa hatua ndogo: "mixture lean" inapunguza 0.05, haigusi chini ya 0.5. Kitabu cha 172P kinataka mikscha ipunguzwe kabla ya kuruka kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000. KIA iko futi 2,932, inaponea chupuchupu. Arusha, HTAR, iko futi zipatazo 4,550, na ukiondoka pale na mikscha yote ndani, injini inakosa nguvu. Throto, swichi kuu na kuzima injini sikuvipa sauti kabisa.

Alama ya uhakika ambayo Vosk hutoa kwa SetWords(True) usiitegemee kama mlinzi. Orodha ikiwa fupi, hata neno lililosikika vibaya linaweza kuja na 1.0. Faili la kumbukumbu lina faida zaidi: saa, maneno yaliyosikika, kasi, na kama amri ilipita. Sentensi inayoangukia [unk] mara kwa mara ibadilishe, usiipigie kelele.

Anayetumia X-Plane, simuleta nyingine, anabadilisha upande wa kutuma tu: pakiti ya UDP kwenda porti 49000, yenye CMND, baiti ya sifuri, kisha jina kama sim/flight_controls/flaps_down. Na ukihamia ndege ya magurudumu ya kukunja, /controls/gear/gear-down inaingia kwenye jedwali pamoja na mlinzi wake: soma /gear/gear[0]/wow (weight on wheels, uzito juu ya magurudumu), na ikiwa ni true, ndege bado iko chini, "gear up" ikataliwe.