Namba ya gari la mashindano inayobanduka: nilivyofanikiwa hapa Mwanza

Kama gari lako linakwenda kazini Jumatatu na kushindana Jumapili, namba lazima ikae imara siku ya mbio na itoke jioni yake bila kuondoka na rangi. Ushauri niliokusanya mjini, kuanzia Makoroboi hadi Igoma, ulikuwa mwingi, na mwingi wake unaharibu magari. Kuna anayekwambia ubandike stika ya kawaida ya daladala kisha uitoe kwa petroli. Mwingine anakutuma ukanunue sumaku za spika uzigundishe nyuma ya kadibodi. Petroli inalainisha rangi iliyopulizwa gereji, na sumaku ya spika ina ukingo mgumu unaochimba mlango kila gari linaporuka shimo. Tepu ya gundi pande mbili ndiyo usiiguse kabisa: kwenye mlango uliopigwa rangi upya inatoka na rangi hadi praima.

Njia zilizonifaa ni mbili: shiti ya sumaku, yaani sumaku bapa inayopindika, kwenye mlango wa chuma, na stika yenye gundi ya kubanduka pale sumaku isiposhika. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua kisumaku cha friji uzunguke nacho gari zima. Milango ya magari mengi tunayoshindania ni chuma, lakini boneti ya Subaru Impreza WRX ni alumini, na Lancer Evolution ina boneti na fenda za mbele za alumini. Bampa ni plastiki. Usishangae pia kisumaku kikiteleza katikati ya mlango wa chuma: hapo chini kuna puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi, gari liliwahi kugongwa. Puti ya milimita mbili inatosha kuifanya sumaku iwe pambo tu. Sehemu zote ambazo kisumaku kinasitasita, zihesabu kuwa za stika.

Vipimo visiulizwe kwa fundi stika, viulizwe kwenye kanuni za mashindano unayoingia. Kanuni za kimataifa za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, zinataka tarakimu nyeusi juu ya mstatili mweupe, urefu usiopungua sentimita 28 na mstari wenye unene wa sentimita 5. Gari la rangi nyepesi linaongezewa mpaka mweusi kuzunguka mstatili. Rali zina utaratibu wake: ubao wa mlango ni sentimita 67 kwa 17, na tarakimu zake ni za sentimita 14. Mara nyingi huo unapewa na mwandaaji. Mimi hukata mstatili wa sentimita 50 kwa 38. Tarakimu mbili zinakaa humo kwa nafasi. Tatu hazikai, usilazimishe kwa kuzibana, mkaguzi atazikataa. Chagua mwandiko mnyoofu usio na madoido. 3 na 8 zenye mikia ya mapambo hazisomeki kutoka mita 50 kwenye vumbi.

Sasa sumaku yenyewe. Duka la stika karibu lolote litakuuzia shiti ya unene wa nusu milimita, ile ya matangazo ya friji, na muuzaji atakuhakikishia: "Hiyo inatosha kaka, weka tu." Gari likiwa limesimama inashika vizuri mpaka unaamini. Niliipima kwa makusudi kwenye barabara ya kuelekea Usagara, mwenzangu akiendesha, nami nikiutazama mlango wangu kwenye kioo cha pembeni. Hadi kilomita 60 kwa saa haikutikisika. Ilipokaribia 80, kona ya juu ya mbele ikaanza kupumua: inanyanyuka upana wa ukucha, inarudi, inanyanyuka tena. Halafu haikurudi. Ukingo wote wa mbele ulifunuka kwa mkupuo, shiti ikajikunja kuelekea nyuma, ikaruka na kutua majanini.

Sababu yake ni mbili zinazokutana. Nguvu ya sumaku ya shiti inaporomoka haraka mno ikitenganishwa na chuma. Nafasi ya milimita moja tu inatosha kuiondolea sehemu kubwa ya mshiko. Upepo nao unaongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka 60 kwenda 120, msukumo haurudufu, unakuwa mara nne. Mstatili wa sentimita 50 kwa 38 ukisimama wima mbele ya upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo nane hadi tisa. Kwa 140 ni zaidi ya kilo 15. Hakuna shiti ya sumaku itakayoshindana na hilo ikishafunuka, hata iwe nene. Kazi yote ni kuuzuia upepo usipate pa kuingilia.

Kwa hiyo nunua shiti ya unene wa milimita 0.75, yenye uso mweupe wa plastiki tayari. Kama huna kipimo cha venia cha kupimia unene, panga vipande vinne kimoja juu ya kingine: visipofika milimita 3 kwenye rula ya kawaida, umeuziwa ya friji. Hiyo nene ndiyo inayokula hela. Mita moja niliipata kwa elfu hamsini na kitu, na ukiagiza Dar ongeza nauli ya basi. Stika nyeusi ya tarakimu ni bei ya soda ukilinganisha.

Ikifika ikiwa imejiviringa, ilaze chini siku nzima kivulini na uzito juu yake. Kata kwa rula ya chuma na kisu chembamba, ukipitisha mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja ukingo unavimba na hautalala bapa tena. Kona zote nne zizungushe, kwa sababu kona kali ndiyo inayofunuka kwanza. Kizibo cha chupa ya maji kina nusu kipenyo cha karibu sentimita moja na nusu, kinafaa kabisa kuchorea. Weka namba angalau sentimita tatu nyuma ya mwanya wa mlango, kwa maana pale hewa inatoka kwa kasi, na usiipitishe juu ya mkunjo wa bodi wala ukanda wa plastiki. Mlango wenye mkunjo mkali katikati, achana na sumaku, nenda kwenye stika.

Baada ya kuiweka, ninapitisha tepu angavu ya upana wa sentimita tano kwenye ukingo wa mbele na wa juu, nusu juu ya namba, nusu juu ya bodi. Ukingo wa chini hauzibwi, maji yapate pa kutokea. Kwa tepu hii sumaku inavumilia hata upepo wa ubavuni unaokukuta ukivuka daraja la Kigongo–Busisi. Bila tepu, 0.75 yenyewe ninaiamini kwa mwendo wa kawaida wa barabarani tu.

Rangi iwe imekomaa. Mlango uliopulizwa karibuni upe miezi mitatu kabla ya sumaku, na waksi iachwe siku mbili. Osha mlango, kausha, osha mgongo wa sumaku, kausha. Hapa kwetu hili lina uzito wake, maana vumbi la kifusi linajipenyeza chini na linageuka msasa. Geuza sumaku iliyokaa siku moja karibu na mafundi wa kuchomelea wa Nyakato uitazame juani: mgongo wake wa kahawia umejaa chembe nyeusi zilizosimama kwa mistari, ni unga wa chuma wa grainda. Kitambaa kinazisogeza tu. Chukua tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, ibandike mgongoni, ivute. Zinatoka nayo zote. Rudia mpaka tepu itoke safi.

Kwa boneti na sehemu nyingine zisizoshika sumaku, ujanja ninaouamini ni kutenganisha kitako na tarakimu. Kitako kizima ni stika nyeupe yenye gundi ya kubanduka. Stika ya chapa ya Oracal, namba 631, ni ya aina hiyo, na haing'ai, hivyo jua halikupigi machoni ukisoma namba. Tarakimu juu yake ni stika nyeusi ya kawaida ya kudumu kama Oracal 651. Gundi kali inashika stika mwenzake na haigusi rangi ya gari. Mbio zikiisha unavuta kitako na kila kitu kinatoka kama ngozi moja, badala ya kukwangua tarakimu moja moja kwa kucha. Mashindano yanayofuata ukipewa namba nyingine, unakata kitako kipya. Usijaribu kukitumia tena, gundi yake tayari imebeba vumbi.

Kubandika, kama mtengenezaji wa stika yako anaruhusu kutumia maji, changanya nusu lita ya maji na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, nyunyiza kwenye bodi na kwenye gundi. Sabuni ikizidi gundi haishiki hadi kesho yake. Toa maji kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa laini, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kipovu kinachobaki toboa kwa sindano iliyolala, usikate kwa wembe. Tarakimu juu ya kitako zibandike kavu, baada ya kitako kushika vizuri.

Fanya kazi hii asubuhi mapema. Mchana upepo wa ziwani unaleta vumbi, na jioni ukiwasha taa sehemu za Kirumba au popote karibu na maji, wadudu wa ziwani wanaifuata. Mdudu mmoja akinasa chini ya stika anaacha kinundu na doa la kijani ambalo halitoki.

Kubandua: pasha kwa draya ya nywele hadi stika iwe ya moto kiasi cha kuvumilika kwa kiganja, anza kwenye kona, vuta polepole ukiirudisha juu yake yenyewe, si kuivuta kuja kwako. Ikivutwa wima inakatika au inainua rangi dhaifu. Mabaki ya gundi yatoke kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa laini, kisha osha kwa sabuni. Stika isikae wiki nzima juani baada ya mbio, itoe siku hiyo hiyo au kesho yake. Sumaku zihifadhi zikiwa zimelala bapa, migongo isitazamane, au uziviringe huku namba ikiwa nje.