Nilimtegea Mungu simu ya bosi

Bwana asifiwe wapendwa. Juzi kijana mmoja wa kwaya kaniuliza, ticha wewe ulijuaje ni Mungu anasema na sio tamaa yako tu, nikamwambia nitakujibu, sasa acha nijibu hapa maana stori yenyewe ndefu.

Mwaka 2023 nilikua nafundisha shule moja ya binafsi hapa Mbeya (bado niko hapo hapo, kwahiyo mwisho wake umeshaujua), nikapata ofa ya kazi Dar kwenye kampuni flani, mshahara karibu mara mbili ya ninaolipwa. Wife ana meza ya viazi soko la Mwanjelwa, watoto wawili wanasoma, na kampuni inataka jibu ndani ya wiki mbili. Nikaingia kwenye mfungo siku 3 kavu, halafu mkesha, halafu naombewa na kila mtu, mmoja anasema nimeona barabara ndefu mbele yako, mwingine anasema nimeona maji mengi, sasa maji mi naelewaje, Dar kuna bahari na huku tuna Ziwa Nyasa hapo Kyela!

Nikaona isiwe tabu, nifanye kama Gideoni, ile ya Waamuzi 6, ngozi ilowe umande na ardhi iwe kavu, kesho yake kinyume. Nikamwambia Mungu kama ni wewe basi yule bosi anipigie mwenyewe kabla ya ijumaa saa sita mchana. Ijumaa niko kidato cha pili nafundisha, simu nimeiweka kwenye droo ya meza, saa tano na dakika hamsini hivi droo ikaanza kunguruma grrrr mbao yote inatetemeka, watoto wanacheka na mi chaki inanitetemeka mkononi. Ni yeye. Anauliza tu nimefikia wapi. Nilipiga magoti nyuma ya maabara jamani.

Jioni nikamwambia wife kwa mbwembwe zote. Alikua anachambua viazi, vibovu huku vizima kule, hata macho hakuinua. Akasema, "Baba, na asingepiga, ungebaki?"

Nikakosa jibu, maana moyoni nilijua asingepiga ningemwongezea Mungu muda mpaka jumatatu.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa letu. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, akanisikiliza mpaka chai ikapoa. Akasema mwanangu, Gideoni alikua ameshaambiwa enenda kabla hajaanika ile ngozi, yeye alikua anaogopa tu, wewe nani kakwambia enenda? Halafu akafungua Matendo 16. Paulo anataka kuhubiri Asia anazuiwa, anajaribu Bithinia anazuiwa, anafika Troa ndo usiku anaona mtu wa Makedonia anamwambia vuka uje utusaidie. Na kufika Filipi kwenyewe anakuta wanawake kando ya mto, na haikupita muda kachapwa bakora yuko gerezani miguu kwenye mkatale. "Sasa kwa akili zako za simu ya saa sita," mzee akasema, "Paulo mle ndani angesema kapotea njia." Halafu akauliza kitu sikutegemea kabisa kitoke kwa mtu wa maombi kama yeye. "Mkataba umeuona?"

Sikuwa nimeuona! Nimefunga, nimekesha, mkataba sijauomba, nilikua naona kama kuuliza ni kukosa imani. Nikauomba, ukaja, miezi sita ya majaribio kwa nusu mshahara, hela ya nyumba hamna, na wanaweza kukuhamishia mkoa wowote. Tukakaa na wife na lile daftari lake la wateja wanaodaiwa, tukapiga hesabu, kodi ya Dar, nauli, meza ya Mwanjelwa ikifa, shule za watoto. Tukaomba dakika mbili tu, hamna machozi hamna kelele, tukasema Baba tumeangalia kwa akili ulizotupa tunaona tubaki, kama tunakosea tuzuie kama ulivyomzuia Paulo. Nikatuma meseji ya kukataa. Hakuna kilichotuzuia.

Watu wakitoa ushuhuda hapa ndo wanasema nikapata amani ipitayo akili zote. Mi usiku ule sikulala. Ilikuja kidogo kidogo baada ya kama mwezi, na hata leo kuna siku haipo. Jamaa aliyechukua ile nafasi namfahamu, alivuka majaribio vizuri tu na sasa ana IST, Krismasi alikuja kwao kusalimia akanipa lifti. Nimekaa kiti cha mbele najisikilizia kama kuna kawivu, kalikuwepo, siwezi kuwadanganya. Akanishusha Mwanjelwa, wife akaniona nashuka kwenye gari la watu, akacheka, akasema, "Haya ticha, gunia lako lile pale."